Kuni za Umeme: Sisi na Majirani Zetu

Jioni moja pale Chang'ombe, Dodoma, umeme ulikatika tukiwa kijiweni kwa kinyozi. Redio ilinyamaza, mashine ikagota kichwani kwa mteja, nusu ya kichwa imenyolewa na nusu bado. Mnajua wenyewe, vijana wakikaa gizani hawaishiwi maneno. Mmoja wetu, ambaye aliwahi kufanya kazi Nairobi, akaanza: "Wenzetu Kenya wanatoa umeme ardhini. Ule mvuke hauishi, wala haungoji mvua." Mwingine akadakia: "Acha hizo bwana! Sisi tuna bwawa la Rufiji, megawati 2,115. Niambie Kenya wana mtambo gani wa namna hiyo?" Ubishi ukapamba moto, kila mmoja akitetea upande wake kama vile ni mechi ya Simba na Yanga. Mwishowe kinyozi akauliza, "Haya, mwenye mvuke na mwenye bwawa, nani kati yenu atanimulikia nimalizie kichwa cha huyu bwana?"

Tulicheka, lakini mimi nilirudi nyumbani na jambo moodani limenikaa. Wale jamaa wawili walizungumza kana kwamba Mungu aliketi siku moja akagawa: Kenya chukueni mvuke, Tanzania chukueni mto. Mbona Bonde la Ufa linapita kwetu pia? Mbona Kenya nao wana mito, na ukame hupiga huku na huku? Kama ardhi inafanana hivyo, kwa nini leo jirani anawasha taa yake kwa kitu kimoja na sisi kwa kingine? Nimejaribu kulitafuta jibu katika historia, na ninachoandika hapa ndicho nilichokipata.

Kwanza, ndugu msomaji, tukubaliane jambo moja. Umeme hauchotwi mahali kama maji ya kisima. Unatengenezwa, na karibu mara zote lazima kiwepo kitu cha kuzungusha gurudumu la mtambo: maji yanayoporomoka, gesi inayoungua, dizeli, mvuke au upepo. Hicho kitu ndicho mimi nakiita kuni. Na tukitaja megawati, ichukulie hivi: pasi moja ya nguo hula kiasi cha kilowati 1, basi megawati 1 ni pasi 1,000 zinazopiga nguo kwa wakati mmoja.

Bosi mmoja, nchi mbili

Mwaka 1908 una mengi katika habari hii. Mwaka huo Wajerumani waliwasha umeme Dar es Salaam kwa ajili ya karakana za reli na mitaa waliyokaa wao wenyewe. Mwaka huo huo, upande wa Waingereza, Mombasa na Nairobi nazo zikapata watu wa kuziuzia umeme. Shirika la umeme la Kenya husimulia kwamba mtambo ulioanzisha biashara hiyo Mombasa ndio uliowahi kuwasha taa za jumba la Sultani Bargash wa Unguja, ukanunuliwa na mfanyabiashara wa Mombasa, Harrali Esmailjee Jeevanjee. Kwa hiyo taa za Mombasa zilianza na mtambo mkuukuu kutoka Unguja.

Mwaka 1922 kampuni ya Mombasa na ile ya Nairobi ziliungana zikawa East African Power and Lighting. Huku Tanganyika, serikali ya Waingereza iliendesha umeme yenyewe tangu 1920 hadi mwaka 1931, ilipoukabidhi kwa kampuni mbili za watu binafsi. Moja iliitwa DARESCO, ikapewa Dar es Salaam na miji ya bara kama Dodoma, Tabora, Kigoma na Mwanza. Nyingine iliitwa TANESCO, ikapewa maporomoko ya mto Pangani, karibu na Tanga na mashamba yake ya mkonge. Mwaka uliofuata, 1932, ile kampuni ya Kenya ikanunua sehemu kubwa ya hisa za TANESCO. Ikakaa nazo hadi 1964, ilipoziuza kwa Serikali yetu.

Maana yake ni kwamba kwa zaidi ya miaka 30 taa ya Nairobi na taa ya Tanga zilikuwa na bosi mmoja. Na bosi huyo hakuwa na mapenzi na mvuke wala na maji. Alitazama faida. Palipokuwa na maporomoko karibu na wateja wenye fedha, alitumia maji: Ruiru kwa ajili ya Nairobi, Pangani kwa ajili ya Tanga. Pasipokuwa na maporomoko waliweka mitambo ya kuchoma mafuta. Dodoma yetu ilikuwa katika kundi hilo la pili. Ugogoni mvua ni ya msimu mmoja, na mito mingi ya hapa ni makorongo yenye mchanga kwa sehemu kubwa ya mwaka. Basi taa za Dodoma zikategemea mafuta yaliyotoka pwani, na kama ilivyokuwa kwa miji mingine ya kikoloni, zilianzia Uzunguni. Mitaa mingine iliendelea na kibatari.

Naona hapo ndipo tulipozoea kupangiwa. Aliyechagua kuni hakuwa yule aliyehitaji mwanga.

Miaka ya maji

Baada ya uhuru nchi zote mbili zilikimbilia mito. Ilikuwa hesabu ya maana: mafuta unayanunua kwa fedha za kigeni, mto unao bure mlangoni.

Kenya ilikuwa imeshaanza kwa kuegemea jirani. Mwaka 1954 Malkia Elizabeth wa Pili alifungua bwawa la Owen Falls kule Jinja, Uganda, na mwaka 1958 nyaya zikafika Nairobi kutoka huko. Kwa hiyo sehemu ya kuni za Kenya ilikuwa ni mto Nile, katika nchi ya watu wengine. Mwaka 1976 Idi Amin alipodai kwamba sehemu ya magharibi ya Kenya ni ya Uganda, hebu fikiria Mkenya aliyejua taa yake inatoka Jinja alijisikiaje. Wakati huo Kenya ilikuwa tayari inajijengea mabwawa yake katika mto Tana: Kindaruma mwaka 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981 na Kiambere 1988. Matano katika mto mmoja, moja likimpokelea mwenzake maji.

Sisi tulifanya yale yale. Tulijenga Hale mwaka 1964 na Nyumba ya Mungu 1968, zote katika Pangani. Kisha tukahamia Ruaha Mkuu. Kidatu ilianza mwaka 1975, na ilipokamilika ikawa na megawati 204, nyingi sana kwa nchi ya wakati ule. Mwaka 1980 likakamilika bwawa la Mtera, lile lililo mpakani mwa Dodoma na Iringa. Mwanzoni kazi yake ilikuwa kuwa kibuyu tu, kuyatunza maji ya masika ili Kidatu isikaukiwe wakati wa kiangazi. Mwaka 1988 Mtera nayo ikawekewa mitambo yake, megawati 80. Katika miaka hiyo hiyo nguzo za gridi zikapita Mtera, zikaingia Dodoma, zikaendelea Singida, Shinyanga hadi Mwanza. Watu wa Dodoma tunaijua Mtera kwa samaki wanaoletwa sokoni, lakini ilikuwa pia taa yetu.

Sasa chukua ramani uangalie. Maji ya Mtera huteremka hadi Kidatu. Yakitoka hapo huingia mto Rufiji. Kihansi, iliyofuata mwaka 2000 na megawati zake 180, nayo maji yake huishia Rufiji. Yaani sehemu kubwa ya umeme wetu ilitoka katika familia moja ya mito, kama Kenya walivyoweka mayai yao katika Tana. Mvua ikikosea njia msimu mmoja, nchi nzima inaingia gizani.

Neno "mgao" linapata maana mpya

Na mvua ilikosea njia. Mwaka 1992 tulikuwa na mgao, na tena 1994 hadi 1995. Wazazi wetu walilijua neno mgao tangu enzi za foleni za sukari na sabuni. Kizazi kilichofuata kimekua kikijua kwamba mgao ni wa umeme. Kenya nao yaliwakuta: ukame wa 1999 na 2000 uliushusha mto Tana, Nairobi ikakaa giza kwa zamu, na serikali yao ikakodi mitambo ya dizeli ya dharura.

Lakini ukame peke yake haukututosha kuwa adui. Mto Ruaha Mkuu, unaolisha Mtera, ulianza kukauka wakati wa kiangazi mwaka 1993 ndani ya hifadhi ya Ruaha, jambo ambalo halikuwa la kawaida. Huko juu, katika bonde la Usangu, maji yalikuwa yanaingia katika mashamba ya mpunga, na mifugo ilikuwa imeongezeka. Mwaka 2006, mwaka wa mgao mwingine mkali, wafugaji wengi waliondolewa Usangu na ng'ombe wao. Waliolaumiwa zaidi walikuwa wenye ng'ombe, ingawa mipunga nayo inakunywa, tena inakunywa sana. Ndipo unaona kwamba mtu wa Chang'ombe akibonyeza swichi, mwisho wa waya yupo mkulima na mfugaji wanaogombea mfereji mmoja.

Hapa ndipo njia zetu na za Kenya zinapoachana, kwa hiyo nitakwenda taratibu.

Tanzania haikuwa na maji tu. Mwaka 1974 gesi ilipatikana Songo Songo, kisiwani Kilwa. Mwaka 1982 ikapatikana tena Mnazi Bay, Mtwara. Lakini gesi ya Songo Songo ilifika Ubungo, Dar es Salaam, mwaka 2004 kwa bomba la kilometa 232. Toa 1974 kwenye 2004. Ni miaka 30! Katika miaka hiyo ulikuwepo mpango wa kiwanda cha mbolea Kilwa ambao haukutimia, fedha zilikosekana, wafadhili walisitasita. Mtoto aliyezaliwa gesi ilipogunduliwa alikua, akaoa, akapata watoto wake, na bado alisomea kibatari mgao ulipokuja.

Tatizo la mgao ni kwamba mtu aliye gizani husaini haraka. Mwaka 1995 nchi iliingia mkataba wa miaka 20 na kampuni ya IPTL kwa ajili ya mtambo wa megawati 100 wa kuchoma mafuta mazito pale Tegeta. Ukazuka mzozo wa bei uliokwenda hadi kwa wasuluhishi wa kimataifa, mzozo ambao pia ulichangia kuuchelewesha mradi wa gesi wenyewe. Mtambo ulianza kuuza umeme mwaka 2002. Mkataba ulidai malipo hata siku ambazo mtambo umelala, kama vile kukodi teksi kwa mwezi ukailipia hata siku uliyotembea kwa miguu. Mwaka 2006, katika kiangazi kingine, ukaja mkataba wa Richmond, mitambo ya dharura ambayo haikufika kwa wakati. Bunge liliunda kamati teule, na Februari 2008 Waziri Mkuu Edward Lowassa alijiuzulu, huku akikana kwamba alikosa. Mwaka 2014 jina la IPTL lilirudi tena bungeni katika sakata la fedha za Escrow, na mwanasheria mkuu wa serikali akajiuzulu.

Mambo haya yalisemwa hapa hapa Dodoma, mwendo wa daladala kutoka Chang'ombe. Tulikuwa majirani wa ukumbi ambamo kuni zetu zilikuwa zinajadiliwa, na wengi wetu tuliyasikia redioni kama watu wa Kigoma.

Gesi hata hivyo ilikuja, na tuwe wakweli, ilituokoa. Mwaka 2015 likazinduliwa bomba kubwa la kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam, zaidi ya kilometa 500. Ikajengwa Kinyerezi ya kwanza, kisha Kinyerezi ya pili ya megawati 240 mwaka 2018. Kwa miaka kadhaa zaidi ya nusu ya umeme wa Tanzania ulitoka kwenye gesi. Tulikuwa tumehama kutoka kwenye mvua.

Kenya wanachimba

Na wao? Kenya hawakuwa na Songo Songo yao. Walikuwa na moshi mweupe unaotoka kwenye nyufa karibu na Naivasha. Wenyeji wa Eburru waliufahamu siku nyingi, hata waliukusanya upoe wapate maji ya kunywa. Katika miaka ya 1950 walichimba visima viwili vya majaribio pale Olkaria. Havikutoa mvuke wa kutosha, wakaacha. Miaka ya 1970, bei ya mafuta ilipopanda dunia nzima, wakarudi wakisaidiwa na Umoja wa Mataifa. Mwaka 1981 mtambo wa kwanza wa mvuke ukawaka. Megawati zake? 15 tu.

Tangu visima vile vya kwanza hadi taa hiyo ya kwanza ilipita robo ya karne. Na hata hapo mtu angeweza kucheka: megawati 15 kitu gani mbele ya Kidatu? Kufikia 1985 zilikuwa 45. Kisha mambo yakaenda polepole tena hadi miaka ya 2000. Ule mgao wao wa mwaka 2000 ndio uliowakumbusha walichokuwa nacho. Mwaka 2003 wakaongeza Olkaria ya pili, mwaka 2014 ya nne yenye megawati 140, na mwaka 2019 ya tano. Sasa Kenya ina zaidi ya megawati 900 za mvuke, inaongoza Afrika, na katika miaka ya karibuni zaidi ya uniti 4 katika kila 10 inazozalisha zimetoka ardhini.

Jinsi kazi inavyofanyika ni rahisi kueleza na ngumu kutenda. Maji ya mvua huzama ardhini kwa karne nyingi, hukutana na miamba ya moto, hubaki huko yamefungiwa kama uji ndani ya sufuria lenye mfuniko. Unachimba kisima cha hadi kilometa 3, mvuke unatoka kwa nguvu, unazungusha gurudumu, kisha maji yaliyopoa unayarudisha chini. Ugumu upo kwenye kuchimba. Kisima kimoja hula mamilioni ya dola, na unaweza kufika chini ukakuta pakavu. Ndiyo maana benki hazipendi visima vya kwanza. Lazima serikali yenyewe ikubali kupoteza kidogo ili ipate baadaye, na isikate tamaa waziri akibadilika.

Sitaki kuwapamba. Kenya nao walisaini vibaya na kupanga vibaya. Kule Marsabit walisimamisha mitambo 365 ya upepo karibu na Ziwa Turkana, megawati 310, ikakamilika mwaka 2017. Nguzo za kuusafirisha umeme zikachelewa hadi 2018, na Kenya ikalipa fidia wakati upepo unavuma bure. Walipanga pia kujenga mtambo wa makaa ya mawe Lamu, megawati 1,050. Watu wa Lamu walikwenda kwenye baraza la mazingira, na Juni 2019 kibali kikafutwa. Hapo naomba tuwavulie kofia. Wananchi wa kawaida walipinga kuni zilizochaguliwa na wakubwa, wakasikilizwa.

Waliokaa jirani na kuni

Nimegundua pia kitu ambacho kijiweni hakuna aliyekitaja. Nchi zote mbili zina watu waliokaa jirani na kuni wakaishia kuona moshi tu.

Mwaka 2013 Mtwara iliwaka moto. Watu walisema gesi isisafirishwe kwenda Dar es Salaam kabla wao hawajaona faida yake. Kulikuwa na ghasia, jeshi likaingia, watu wakafa. Wengi huku bara tuliwaona wabinafsi. Lakini hebu jiulize, kama chini ya Chang'ombe kungepatikana kitu, na bomba likapita mbele ya nyumba yako kwenda mbali, ungesemaje? Kule Olkaria, Wamasai walihamishwa mwaka 2014 kupisha mtambo wa nne. Walilalamika hadi Benki ya Dunia, na ukaguzi ukakuta kasoro katika namna walivyohamishwa. Kule Marsabit, mwaka 2021 mahakama ya Meru ilisema ardhi ya mitambo ya upepo haikupatikana kwa utaratibu. Na Kihansi, hata vyura walihama: wale vyura wadogo walioishi kwenye manyunyu ya maporomoko peke yake duniani walipelekwa Marekani mwaka 2000, maji yalipoelekezwa mitamboni. Watu wengi wameifanya habari ya vyura kuwa utani. Mimi naiona kama risiti. Kila kuni zina bei yake, na mara nyingi mlipaji hayupo siku ya kusaini.

Tumerudi mtoni

Sasa tufike leo. Desemba 2018 Tanzania ilisaini mkataba wa kujenga bwawa kubwa kwenye korongo la Rufiji, mahali palipofikiriwa kwa miongo mingi bila kujengwa. Maji yalianza kujazwa Desemba 2022. Mtambo wa kwanza uliwaka Februari 2024, na mwaka 2025 yote 9 ikawa imekamilika, kila mmoja megawati 235. Ndizo zile 2,115 za rafiki yangu wa kijiweni, takriban nusu ya uwezo wa mitambo yote nchini. Machi 2024, mvua zilipokuwa nyingi, ilibidi vituo vitano vya maji vizimwe kwa kuwa umeme ulizidi matumizi. Nchi ya mgao ilikuwa imeshiba hadi ikabakiza!

Ni jambo la kujivunia, nami najivunia. Treni ya umeme inayotoka Dar es Salaam ilianza kufika Dodoma mwaka 2024. Umeme ule wa Wajerumani wa 1908 ulitengeneza reli karakanani, huu wa sasa unaivuta treni yenyewe. Lakini historia niliyoisoma inanikataza kulala usingizi mzito. Tulitegemea maji, tukaungua. Tukahamia gesi. Sasa tumerudi kwenye maji, tena ni maji ya familia ile ile ya Rufiji, yakiwemo yale yanayopita Usangu na Mtera. Ikija miaka miwili mfululizo kama ule wa 2006, bwawa kubwa litakuwa na kiu kubwa. Gesi ya Songo Songo na Mtwara bado ipo, na hiyo ndiyo akiba yetu. Mvuke wetu wa Mbeya na kwingineko bado unazungumzwa: kampuni ya serikali ya kuushughulikia iliundwa mwaka 2013, na hadi 2025 haujawasha taa hata moja. Upepo wa Singida, jirani zetu hapa, umekaa kwenye mipango miaka mingi. Jua la Dodoma sina haja ya kulieleza kwa mtu aliyewahi kutembea barabarani saa 8 mchana mwezi wa kumi.

Na yule rafiki mwingine, wa mvuke wa Kenya, naye asijivune mno. Kenya inakua, na mvuke wake haujatosha. Tangu Novemba 2022 inanunua umeme wa maji kutoka Ethiopia. Amerudi kule kule kwa mwaka 1958, anaegemea mto wa jirani.

Ila kuna jambo jipya ambalo huenda likaumaliza ubishi wetu. Desemba 2024 waya mkubwa wa kilovoti 400 kutoka Singida, kupitia Arusha na Namanga hadi Isinya, uliunganisha gridi yetu na ya Kenya. Huku kwetu waya huo unaungana na ule unaotoka Iringa kupitia Dodoma. Machi 2025 Rais Samia alieleza mpango wa kununua umeme wa Ethiopia kupitia Kenya kwa ajili ya mikoa ya kaskazini, kwa kuwa umeme wa kusini hupotea mwingi njiani kabla ya kufika huko. Watu walishangaa: tuna wa kubakiza, tunanunuaje? Mimi niliona ndiyo maana ya waya. Mwaka wa ukame kwetu, mvuke wa Olkaria utatusaidia. Mwaka wa mvua kubwa Rufiji, sisi tutawasaidia. Nchi mbili zilizowahi kuwa na bosi mmoja wa kigeni sasa zinaweza kuchangia jiko moja kwa hiari yao.

Ila tuulize. Uniti ya mvuke itauzwa kwetu shilingi ngapi? Mkataba ni wa miaka mingapi, na unasemaje siku mtambo ukilala? Maswali haya hayakuulizwa kwa sauti mwaka 1995, na tumeyalipia. Sisi vijana tunaoandika tunapenda sana mapenzi na siasa za jukwaani, lakini mkataba wa umeme una hadithi ndani yake kuliko riwaya nyingi: una tamaa, usaliti, giza, na watu wanaosubiri. Wa Dodoma tuna bahati, Bunge lipo mjini kwetu na majadiliano yake yanachapishwa. Tukayasome.

Niliporudi kijiweni siku chache baadaye niliwasimulia wale wawili habari za mwaka 1932. Yule wa Nairobi alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Kumbe tulikuwa tunabishana kuhusu mali ya bosi mmoja?" Mwenzake akamjibu kwamba hata hivyo bwawa ni kubwa kuliko mvuke. Ubishi ukaanza upya. Safari hii taa ilikuwa inawaka, na kinyozi alikuwa anaendelea na kazi yake.